Hodi ya Kigoda

Haya nilihadithiwa na Mwalimu Elieshi mwenyewe, wiki ile tuliyokuwa tunamenya tangawizi za harusi ya mpwa wangu, mvua za vuli zikiwa zimekatika ghafla na jua likiwaka kama la Machi. Alikuja kusaidia, akavua viatu, akachukua kisu, na sijui tulifikaje kwenye habari za vigoda. Mikono ikipata kazi mdomo hufunguka wenyewe. Nami nayaeleza kama nilivyoyapokea.

Wakati huo vigoda ndiyo kwanza vilikuwa vimeletwa milimani kwetu Upareni. Ukikikuta kimetulia usingesema ni mashine: miguu mitatu, kikalio cha duara, rangi ya mbao iliyokaliwa miaka mingi. Lakini kilitembea. Kilipanda matuta ya tangawizi kama mbuzi aliyevunjika mguu mmoja akazoea, kikaruka mfereji wa maji, kikafika mlangoni mwa mtu na kusema kwa sauti ya mwalimu, "Hodi."

Sababu yake ilikuwa hii. Nyumba ziko juu, shule iko chini, na mzazi wa kwetu akisikia anaitwa shule hujua mtoto kavunja dirisha. Basi kama mzazi haji shule, shule imwendee mzazi. Mwalimu alibaki kwenye chumba kidogo pembeni ya maktaba, amevaa kofia nzito iliyomfunika mpaka puani, na kilichoonwa na kigoda alikiona yeye, kilichosikiwa alikisikia yeye. Aliposema, kigoda kilisema.

Ila kimo cha kigoda ni kimo cha goti. Kwa hiyo Mwalimu Elieshi aliwafahamu wazazi wake kwa miguu. Alijua nani ana magaga, nani huvaa kandambili za rangi mbili, nani vidole vyake hukanyagana akidanganya. Alijua kuku wa kila ua. Siku moja alikutana sokoni na baba wa mwanafunzi wake, akamkodolea macho asimtambue, mpaka alipoinama akaona viatu. "Kumbe ni wewe, Baba Eliamani!"

Tena kigoda hakikuingia ovyo. Waliokitengeneza hawakuwa wageni. Walikuwa vijana wetu, waliolelewa na mama zao, wakajua kwamba kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa ni wizi. Njia kilijiendea chenyewe, lakini mwalimu ndani ya kofia alikuwa gizani, haoni wala hasikii, mpaka wa ndani aseme neno moja: karibu. Hapo macho yalifunguka. Akiambiwa kwaheri, yakafumba. Na kikipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, kiligeuka na kurudi kilikotoka, kama mgeni mwenye adabu.

Watu walikizoea upesi. Siku za mwanzo Mzee Senkondo alitoka shamba amechoka, akaona kigoda kizuri kimewekwa uani, akaketi. Mwalimu alikuwa katikati ya kumweleza mkwe wa mzee habari za hesabu, mara dunia ikawa giza na nzito.

"Shikamoo mzee," akasema. "Umenikalia."

Mzee aliruka kama aliyekalia siafu. "Marahaba! Nani huyo?"

"Mwalimu Elieshi."

"Mwalimu! Wanakulisha nini huko shule, mbona umepungua hivi?" Watu wakaangua kicheko. Mzee akakizunguka, akakiinamia, akakigonga kwa kidole. "Sasa nieleze, mwanangu. Kwetu mgeni hupewa kigoda. Mgeni akija naye ni kigoda, tumpe nini?"

Mkwewe akaleta mkeka. Toka siku hiyo kila nyumba ikakitandikia kigoda mkeka, na mwalimu akaona mambo yanakwenda vizuri mno. Hakuna nyumba iliyowahi kukikataa. Hata moja. Hilo ndilo lililopaswa kumshangaza mapema, aliniambia, lakini nani hushangaa akipendwa?

*

Darasa la sita kulikuwa na binti anaitwa Nakijwa. Mwaka wa nyuma alikuwa wa kunyoosha kidole kabla swali halijaisha. Mwaka huo akawa wa kulaza shavu kwenye dawati. Akiulizwa alikuwa anaamka na jibu la swali la jana. Wenzake wakamwita Popo.

Mwalimu akatuma kigoda.

"Hodi."

"Karibu! Karibu sana, mwalimu, karibu ndani!" Mama Nakijwa alikuwa na sauti tamu, na mkeka ulitandikwa mara moja. Mwalimu akaona miguu yake, myembamba na safi, na juu ya kisigino cha kushoto kidonda kibichi cha moto, kikubwa kama jani la mwembe.

"Pole na mguu, Mama Nakijwa."

"Aa, chai hiyo, mwalimu. Ilinimwagikia."

Chai humwagika juu ya mguu, si nyuma ya kisigino. Lakini mwalimu hakuuliza. Alieleza habari za usingizi wa Nakijwa, mama akaitikia kila neno: ndiyo mwalimu, kweli mwalimu, nitamsemesha mwalimu, ni uvivu wa kukua tu huo. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vinakanyagana. Kisha akanyanyuka kumsindikiza mgeni, maana hata mgeni wa miguu mitatu husindikizwa, mpaka kwenye mgomba wa mwisho.

"Karibu tena, mwalimu. Kwaheri."

Giza. Mwalimu akanyoosha mgongo shuleni kwake, akaanza kujivua kofia.

Mara macho yakafunguka.

"Karibu, Mama Mbonea! Karibu, dada, pita!"

Jirani alikuwa anaingia kwa upande wa jikoni, na sauti ya Mama Nakijwa ilifika mpaka mgombani. Kigoda kilikuwa hakijapiga hatua nyingi. Kilisikia neno lake, kikaamini kimeitwa, kikageuka. Mwalimu aliona ua wote kati ya majani makavu ya mgomba: wanawake wawili, mtoto mchanga mgongoni mwa mmoja, sufuria juu ya mafiga.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kofia. Lakini neno la kwanza alilolisikia lilikuwa jina la mwanafunzi wake, na mkono ukabaki hapo hapo.

"Nakijwa yuko wapi?" aliuliza Mama Mbonea.

"Kaenda kukata majani ya mbuzi."

"Vizuri. Basi sasa niambie mwenyewe, maana mimi si mtoto. Ule mguu si chai. Nilichungulia nikamwona binti anakuvuta kutoka jikoni kama gunia."

Mama Nakijwa akajibu kwa sauti nyingine kabisa, isiyo na utamu hata chembe: "Dada, ni kifafa."

"Yesu wangu."

"Nilikuwa nacho utotoni, kikaniacha. Kimerudi tangu nimzae huyu wa mgongoni. Kinanijia usingizini. Nakijwa halali, ananichunga nisijiviringishe motoni."

"Baba yake umemwambia?"

"Yuko bondeni kule anaosha vioo vya umeme wa jua, juu ya ngazi ndefu kama mnara. Nimwambie ili naye aanguke?"

"Na mwalimu je? Si alikuwa hapa sasa hivi?"

"Mwalimu!" Mama Nakijwa alicheka kicheko kikavu. "Mwalimu ana kigoda. Ukimwambia mwalimu umeiambia serikali. Watamchukua mtoto wangu."

Hapo Mwalimu Elieshi akavua kofia.

*

Sasa usidhani mama yule alikuwa na wasiwasi wa bure. Vilivyosikiwa na vigoda vilikwenda Ofisi ya Malezi, na Ofisi ya Malezi haikuwa na watu wabaya, ilikuwa na watu wenye haraka. Wakisikia nyumba ina mgonjwa, walileta mganga na dawa mpaka mlangoni. Wakisikia mtoto ndiye anayemuuguza mgonjwa, walimchukua mtoto huyo wakampeleka bweni, huko chini mjini, alale na asome kama mtoto. Mambo mawili hayo yalikuja pamoja, kama kuku na miguu yake. Hukuweza kusema nipe hili, lile niachie.

Kigoda kilirudi shuleni kikasimama kwenye pembe yake. Kikauliza kama kilivyouliza kila kiliposikia karibu mara mbili, kwa sauti isiyo ya mtu: "Nyumba hii imesema karibu mara mbili. Karibu ya pili, ilikuwa yako?"

Maana wale vijana waliokitengeneza walijua kwamba kigoda kinaweza kusikia karibu ya mtu mwingine. Mwalimu akijibu ndiyo, habari zinakwenda Ofisini. Akijibu hapana, zinafutika, na nyumba ile yote inatoka kichwani mwa kigoda kana kwamba hakijawahi kufika. Jibu lilitakiwa kabla hakijapiga hodi nyingine.

Mwalimu Elieshi alikuwa akijibu ndiyo siku zote. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayefukuza nzi. Siku hiyo ulimi ulikwama.

Alikaa kwenye kile chumba akalitazama neno lenyewe, akaliona geni kama hajawahi kulisikia. Karibu. Mwenye sufuria tupu husema karibu tule. Aliyegombana na wifi yake asubuhi, jioni wifi akipiga hodi, husema karibu. Yeye mwenyewe mwezi uliopita alimkaribisha mchuuzi wa sabuni aliyekuwa amemchoka, akampa na chai. Nani kwetu huitikia hodi kwa hapana? Hujawahi kusikia. Wale vijana walitafuta neno la kufungulia mlango, wakachukua neno ambalo mama zao hawakuwahi kulizuia hata siku moja.

Sasa katika zile nyumba zote zilizomkaribisha, ni ngapi zilimtaka?

Akisema ndiyo, angekuwa mwongo, lakini yule mama angepata dawa. Akisema hapana, angekuwa mkweli, na yule mama labda angeungua. Aligeuza hivi, akageuza vile. Mwisho akaona kwamba anajisumbua kujibu swali lisilo lake. Neno lilikuwa la Mama Nakijwa. Akamuulize mwenyewe.

Akafunga chumba, akavaa viatu vya shamba, akapanda mlima kwa miguu, na kigoda kikamfuata nyuma, kimya, kama mwanambuzi.

"Mwalimu!" wakampigia kelele waliokuwa wanapalilia. "Leo mmekuja wawili?"

"Leo namsindikiza mwenzangu!"

"Mwambie atubebee majembe basi, ana miguu ya bure!"

*

Jua lilikuwa linashuka alipofika. "Hodi hapa," akasema, kwa kinywa chake.

"Karibu, kar..." Mama Nakijwa alitokeza mlangoni na mtoto mgongoni. Alimwona mwalimu mzima mzima, na kigoda nyuma yake, neno likakatika.

"Shikamoo, dada," alisema mwalimu, ingawa walikuwa karibu rika moja. "Kabla hujanikaribisha nina la kusema. Ulipomkaribisha Mama Mbonea, hiki kigoda kilidhani ni mimi. Nimesikia."

Mama Nakijwa alishika mwimo wa mlango.

"Umesikia nini?"

"Yote. Ya mguu. Ya kifafa. Ya Nakijwa."

"Nilikuwa nimeshakuambia kwaheri! Nilikusindikiza mimi mwenyewe, kwa mguu huu unaouma!" Sauti ilipanda mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia. "Nilisema karibu kwa jirani yangu, si kwako. Kumbe mtu akupe heshima, wewe unajificha kwenye migomba?"

"Ni kweli."

"Ni kweli nini?"

"Haikuwa karibu yangu. Ndiyo maana nimekuja."

Akamweleza. Ndiyo inaleta nini, hapana inafuta nini. Hakupamba. Wakati anaeleza, Nakijwa akaingia uani na mzigo wa majani kichwani, akautua taratibu, akasimama palepale mikono imening'inia. Alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza akiwa chini ya maji.

"Ukisema ndiyo, mganga anakuja?" aliuliza mama.

"Anakuja."

"Na huyu wanamchukua."

"Wanamchukua."

"Na ukisema hapana?"

"Kigoda kitasahau. Kitaisahau nyumba nzima."

"Kigoda kitasahau. Na wewe je?"

"Mimi sina pa kufutia."

Kwa jinsi mambo ya dunia yalivyo, Mama Nakijwa akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Basi nilikuwa nakiogopa bure hicho chombo. Wa kuogopwa kumbe ni wewe."

Nakijwa ndiye aliyeharibu utani. "Mama," alisema, "mimi sitaki bweni. Lakini nataka kulala."

Hakulia. Alilisema kama mtu anayeomba maji. Mama yake akageuza uso ukutani, mabega yakapanda na kushuka, na mwalimu akatazama mbuzi, maana kuna machozi ambayo mgeni hapaswi kuyaona.

Alipogeuka, Mama Nakijwa alikuwa ameamua. "Mwambie hapana. Ile karibu haikuwa yako, na sitaki kuponywa kwa neno nililoibiwa. Alhamisi nitashuka zahanati kwa miguu yangu, niseme kwa mdomo wangu. Ila siwezi kwenda peke yangu. Nikianguka njiani watu watakimbia."

"Tutakwenda wote."

"Na masomo?"

"Mwalimu Mkuu atashika chaki. Imeanza kumtoka mikononi."

"Basi. Mwambie."

Mwalimu akakiinamia kigoda, akasema, "Hapana. Haikuwa yangu."

Kitu kidogo kikalia ndani ya mbao, kama punje inapopasuka kwenye kikaango. Kigoda kikatikisika. Kisha, kwa kuwa sasa kilikuwa kimesimama mlangoni mwa nyumba ambayo hakijawahi kuiona, kikafanya kilichofundishwa.

"Hodi," kikasema kwa sauti ya Mwalimu Elieshi.

Mama Nakijwa akafungua mdomo.

"Usiitike!" mwalimu na Nakijwa walisema kwa pamoja.

Akaufumba kwa viganja viwili. Ungedhani amemeza kaa la moto. Mwanamke yule tangu azaliwe hakuwahi kuiacha hodi ikaning'inia hewani.

"Hodi," kikarudia.

"Jamani ananisemesha," alinong'ona kati ya vidole. "Hivi si dhambi?"

"Nyamaza, mama!" Nakijwa alikuwa anacheka, kicheko kikimtoka puani. Mwalimu alikuwa hajasikia kicheko chake tangu muhula uanze.

"Hodi," mara ya tatu, kwa upole uleule.

Hakuna aliyejibu. Kuku walichakura mchanga. Kigoda kikangoja kiasi cha heshima, kikageuka kwa miguu yake mitatu, kikashuka tutani, kikaruka mfereji, kikaenda zake shuleni bila kinyongo.

"Ameondoka kweli," alisema Mama Nakijwa, akashusha mikono na kupumua. Alikitazama mpaka kilipopotea. "Kumbe inawezekana." Kisha akamgeukia mwalimu, akaingia ndani, akatoka na kiti cha kamba, akakifuta vumbi kwa pindo la kanga. "Kaa, mwalimu. Sasa nikuone uso."

*

Walikula makande. Mama Mbonea alikuja, akaelezwa, akamtazama mwalimu kwa jicho la kumpima, kisha akasema yeye atalala pale keshokutwa na siku yoyote atakayoitwa, na aliyeona aibu aone, yeye ameshazeeka na aibu zimemwisha. Akarudi kwake. Kwa mlima ilikuwa saa ya watu kuingia ndani, baridi ikishuka kwenye migomba.

"Leo ni zamu yangu," alisema mwalimu.

Nakijwa alimtazama kama anayemtilia shaka fundi mpya. Akatoa chini ya mto utepe wa kanga kuukuu, uliosokotwa.

"Ncha moja mkononi mwake, nyingine mkononi mwako," akafundisha. "Usikaze, ataota vibaya. Usilegeze, utachomoka. Akianza, mkono wako utajua kabla yako. Mgeuze ubavu, usimzibe mdomo, usimshike kwa nguvu, mhesabie tu mpaka kifafa kipite. Na unaweza kusinzia, mwalimu. Siyo lazima ukae macho kama bundi."

"Sitasinzia."

"Kila mtu husema hivyo."

Mama yake alikuwa tayari amejilaza, mtoto mchanga kifuani. "Mwalimu wako kapata mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa tayari mbali. Mtoto alilala kwanza, kisha yeye.

Mwalimu Elieshi aliegemea ukuta, utepe kwenye kifundo cha mkono, macho yamekodoka, akisikiliza pumzi za watu ambao mpaka jana aliwajua kwa nyayo tu. Alikuwa na mambo mengi ya kujiuliza. Nyumba ya Mzee Senkondo, ule mkeka, ulikuwa wa furaha au wa kuficha kitu? Yule mama wa kandambili za rangi mbili je? Ingebidi apande milima yote hiyo. Ingebidi asimame kila mlango na kuwaambia watu kwamba wanaweza kunyamaza. Alianza kuhesabu nyumba, kutoka ya chini kwenda juu, na hakufika mbali.

La mwisho hili Nakijwa ndiye aliyemwambia asubuhi. Alisema alijilaza pembeni kwenye godoro la peke yake, mkono wake mtupu, mwepesi, hajui auweke wapi. Aliuweka kifuani, akauweka chini ya shavu, akaunyoosha kwenye baridi akaurudisha. Akasikia mwalimu anakoroma. Akainuka kwa kiwiko kuangalia: mama yake ametulia, utepe haukulegea wala haukukaza. Akavuta kidogo upande wa mwalimu, na mwalimu akashtuka papo hapo, akasema "Nipo, nipo," macho yamefumba, akaendelea kukoroma.

Nakijwa akaridhika. Akajifunika mpaka masikioni, akageukia ukutani, akalala.